Kangomba ya Nyati

Watu wa kijiji chetu wanajua kukataa bei. Mwulize mnunuzi yeyote wa korosho aliyewahi kufika Newala. Msimu ukianza tunajazana kwenye uwanja wa ghala la chama cha msingi, bei zinasomwa mbele yetu, zamani zilitolewa kwenye sanduku la zabuni, siku hizi zinatokea kwenye skrini, na zikiisha kusomwa panakuwa kimya kidogo. Kisha jibu linatoka. Tukisema tunauza, tumeuza. Tukisema hatuuzi, mnunuzi anarudi alikotoka na magunia yetu yanabaki palepale, hata kama ada za watoto zinatukaba koo. Nimemwona mzee mmoja akigoma kwa sababu ya shilingi ishirini kwa kilo, na alikuwa na magunia mawili tu.

Sasa watu hao hao, wakali kiasi hicho, walikaa miaka mitano bila kuuliza nyati anauzwa shilingi ngapi.

Mimi naitwa Bertila, mwalimu wa shule ya msingi hapa Namyongo, chini ya mteremko wa Newala, upande wa mto Ruvuma. Nilizaliwa Lukuledi, nikaolewa huku na Vitalis, na huku nimekuwa Mama Flora. Pori lililo kati ya mashamba yetu na mto ni la kijiji, na kampuni moja ya uwindaji ilikuwa imelikodi. Ilijiita Pembe Tatu. Kuanzia Julai wageni walikuja kutoka Ulaya na Marekani, wakakaa kambini, wakapiga nyati, na swala wakubwa kama pofu na palahala, wakaondoka na pembe zao. Kwa kila mgeni, kijiji kilipewa shilingi laki nane. Na nyama.

Hapo kwenye nyama ndipo tulipopotea. Kampuni ilikuwa inamchukua jirani yetu Mujibu aende porini na wawindaji, ili mnyama akianguka amwahi na kisu, amchinje kwa jina la Mungu, watu wa dini zote wapate kula. Kisha gari linaingia kijijini likipiga honi, akina mama wanatoka na mabeseni, na jioni hiyo kila nyumba inanukia mchuzi. Ukishapewa nyati mzima bure, mdomo wa kuuliza bei utautoa wapi? Tulidhani nyama ndiyo bei yenyewe, na zile laki nane ni nyongeza ya kiungwana. Mimi ninayefundisha hesabu darasa la saba nilipeleka beseni langu kama wengine.

Mume wangu alikuwa mkuu wa wasoma nyayo wa kampuni. Nikisema aliipenda kazi yake nitakuwa nimesema kidogo. Kuna wanaume ukiwatoa kazini wanabaki kuwa baba, au mkulima, au mwanakwaya. Vitalis ukimtoa porini hukuwa na hakika umebaki na nani. Mikorosho aliipalilia kwa sababu ilibidi. Lakini akiinama mchangani akaona alama ya kwato, alitabasamu peke yake, kama mtu aliyepata salamu za mchumba. Shati lake la kijani la kampuni nililipiga pasi ya mkaa kila Jumapili, na akilivaa alitembea kifua mbele. Nilimpenda hivyo. Sioni haya kulisema.

Mwezi wa kumi alikuja mgeni mmoja, mzee wa Austria aitwaye Anton. Alikuwa ameshapata nyati, bado alikuwa akimtafuta palahala. Asubuhi moja alikuja shuleni kwetu na katoni ya kalamu, akazigawa mwenyewe, akapiga picha na watoto, kisha akasimama nami barazani akitazama madarasa yasiyo na dari.

"Nafurahi kuwa na mimi nimechangia," aliniambia kwa Kiingereza. "Dola elfu moja si nyingi, lakini naona ni kitu."

"Dola elfu moja zipi?"

Alinieleza bila kificho, tena kwa kujivunia. Katika gharama za safari yake kulikuwa na fungu la kijiji, dola elfu moja kwa kila mwindaji. Yeye alilipa kwa yuro huko kwao, wakala akazigeuza dola, dola zikaja kwa kampuni. Wakala alimhakikishia kwamba fungu lile haliguswi na mtu, linakwenda lote kwa wanakijiji. Nilicheka. Nilidhani mzee amechanganya. Kisha nikamwona usoni kwamba hakuchanganya kitu, na kicheko kikaniishia mdomoni.

Jumamosi nilikwenda Masasi, benki inakopita mishahara yetu walimu. Ukutani mwao kuna ubao wa bei za fedha za kigeni. Miaka yote nimepita mbele yake bila kuutazama, maana dola na mimi hatukuwahi kuwa na jambo la kuzungumza. Siku hiyo niliusoma. Dola moja ilikuwa inanunuliwa kwa shilingi elfu mbili na mia saba na ushee. Elfu moja ya hizo ni milioni mbili na laki saba. Nilisimama pale hadi mlinzi akaja.

"Mwalimu, umepotelewa na nini?"

"Milioni moja na laki tisa," nilimwambia.

Alicheka sana. Mimi nilipanda gari la kurudi nikiwa nimeuma meno njia nzima, na mama aliyekaa karibu nami aliniuliza kama nina jino bovu.

Meneja wa Pembe Tatu alikuwa Godwin, kijana wa Dar es Salaam, mpole, mwenye kukumbuka majina ya watoto wa kila mtu. Mtu wa namna hiyo ni vigumu kumkasirikia, na nadhani ndiyo maana walimleta yeye. Nilimkuta ofisi ya kijiji.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Godwin, mgeni analipa dola elfu moja za kijiji. Kijiji kinapata laki nane. Nieleze na mimi nielewe."

Hakukataa. Nampa haki yake, hakunidanganya kwamba si kweli. "Mambo ya kubadilisha fedha ni marefu, Mwalimu. Yuro inageuzwa dola, dola inageuzwa shilingi, kila inapogeuzwa kuna makato. Halafu dola yenyewe haitulii, leo imepanda, kesho imeshuka. Kampuni ndiyo inayobeba hasara hiyo, ili nyinyi mpate kiasi kilekile kila mwaka bila presha."

"Kwa hiyo ikipanda inapandia kwenu, ikishuka inashukia kwetu."

"Si hivyo, mama yangu."

"Miaka mitano dola imepanda. Laki nane imepanda lini?"

Alitabasamu. "Tukiweka bei kubwa wageni wanavuka mto. Msumbiji wapo nyati hawa hawa, na gharama ni nafuu. Mtabaki na nyati wenu wakila mahindi yenu."

Hilo lilikuwa neno la kweli nusu, na ile nusu ya kweli iliniuma. Nyati wanakula mahindi. Mwaka juzi walimaliza shamba la Bibi Pili, mjane jirani yetu, na hakuna aliyemlipa hata debe moja. Lakini ile nusu nyingine niliikamata.

"Mgeni haongezewi hata senti, Godwin. Ameshalipa. Siongelei bei yake. Naongelea njia iliyopita pesa yake kabla ya kutufikia."

Akafuta kioo cha simu yake kwa kidole gumba. Aliponijibu sauti yake ilikuwa laini kama anayenikaribisha chai. "Baba Flora ana kazi nzuri sana, Mwalimu. Wiki ijayo tunasaini mkataba mpya na kijiji, miaka mitano mingine. Ningependa sana niendelee kuwa naye."

Nilitoka pale nimejaa hasira. Ilikuwa hasira ya kukamatwa mahali panapouma. Alijua hasa pa kubonyeza.

Vitalis alikuwa ameshaambiwa kabla sijafika nyumbani. Alikuwa ameketi kwenye kibao nyuma ya jiko, na hakuniamkia.

"Mama Flora, nakuomba. Siku ya mkutano usisimame."

"Wanatuibia, Baba Flora."

"Najua. Sasa najua. Lakini mimi nina nini kingine? Niambie. Mimi sikusoma kama wewe. Nikikaa hapa kupalilia mwaka mzima nitakufa nikiwa nakutazama."

Vitalis hajawahi kuniomba kitu katika ndoa yetu, hata chumvi mezani anainuka kuichukua mwenyewe. Kumwona ananiomba kulinivunja moyo. Nilikaa chini karibu naye nikamwambia ukweli, kwamba sikuweza kumwahidi. Nikimwahidi nitakuwa nimewauza watu wote wa Namyongo kwa ajili ya shati la kijani. Aliinuka akaenda shambani, na kuanzia hapo tuliongea mambo ya maji na unga tu.

Mkutano uliitishwa kwenye uwanja wa ghala, maana ofisi ya kijiji haitutoshi. Ilikuwa siku ya kupima korosho, kwa hiyo magunia yalikuwa yamepangwa ukutani na watu wengi walikuwa wamekalia mali zao. Mwenyekiti wetu, Mzee Sultani, si mtu mbaya. Ila akiitwa mheshimiwa mara mbili anakubali kila kitu. Siku hiyo Godwin alimwita mheshimiwa tangu alipoteremka garini.

"Ndugu wanakijiji," alisema Sultani, "kampuni imetukumbuka. Mkataba mpya hautakuwa laki nane tena. Utakuwa laki tisa kwa kila mgeni, kwa miaka mitano. Wamesema wenyewe, hatukuwaomba."

Watu wakapiga makofi. Na kabla makofi hayajaisha, honi ikalia kule barabarani. Gari la kampuni liliingia uwanjani na nyati aliyepigwa alfajiri na mgeni mwingine, amekatwa vipande, damu ikidondoka kwenye vumbi. Mujibu alikuwa juu ya nyama, na Vitalis alikuwa amesimama nyuma akishikilia bomba, shati limenyooka. Akina mama wakaanza kuinuka. Wengine walikuwa wamekuja na mabeseni kabisa, maana yake walikuwa wameambiwa.

Nilisimama. Sikunyoosha mkono wala kuomba ruhusa, na nilipiga ukelele ninaoutumia wakati wa paredi.

"Kaeni!"

Wakakaa. Nusu yao nimewafundisha.

"Mwenyekiti, hapa uwanjani tunauza korosho. Kabla ya kuuza tunasomewa bei, na tunajua mnunuzi wa mwisho kule anainunua kwa kiasi gani. Leo tunauza pori. Mgeni anayekuja kuwinda analipa dola elfu moja kwa ajili yetu sisi. Mmoja wao aliniambia kwa mdomo wake. Nimekwenda Masasi nikaona dola inauzwaje. Ni milioni mbili na laki saba. Sisi tunapewa laki nane, na leo tunapigia makofi laki tisa."

Minong'ono ilianza. Lakini niliona hesabu haijawaingia. Milioni za watu wengine ni kitu cha mbali, na dola ni jambo la redioni. Nyama ilikuwa pale pale, unaisikia harufu yake. Nikatazama magunia, nikapata neno.

"Mnamkumbuka kangomba?"

Hakuna asiyemjua kangomba huku kwetu. Ni yule anayekuja Februari, njaa imekaza, na bakuli lake mkononi, anainunua korosho yako ingali haijachanua. Hatumii mizani. Anakupa unga, unamshukuru, unamwita ndugu, na msimu ukifika anachota gunia zima kwa deni la sufuria. Serikali imempiga marufuku na sisi tunamlaani hadharani, ingawa wengi wetu tumewahi kumfungulia mlango.

"Kangomba anakuletea chakula ili usiulize bei," nilisema. "Itazameni nyama hiyo garini. Ile ni kangomba. Ni kangomba ya nyati, na sisi wenyewe tumekuja na mabakuli ya kupimiwa!"

Sasa iliwaingia. Niliiona ikiwaingia, uso hadi uso. Mzee mmoja alitema mate chini. Mama mmoja aliligeuza beseni lake kifudifudi, akalikalia.

Godwin hakupandisha sauti. "Mwalimu ana hasira zake, tunamheshimu. Lakini yupo mwenzenu anayetujua kuliko yeye. Baba Flora, shuka. Waambie wenzako kampuni imekutendea nini."

Vitalis alishuka. Alitazama chini, kama anavyotazama anapotafuta alama, halafu akainua kichwa.

"Imenilipa," alisema. "Na mimi nimeifanyia kazi."

"Na hayo aliyosema mkeo?"

Angesema tu kwamba mke wangu ni mwanamke wa maneno mengi, watu wangecheka, nyama ingegawiwa, naye angelala na kazi yake. Nisingemlaumu. Nilikuwa nimeshajiandaa nisimlaumu.

"Mke wangu ni mwalimu," alisema Vitalis. "Akitoa hesabu, huwa ameifanya."

Godwin akamsogelea. Alisema polepole, lakini uwanja ulikuwa kimya na kila mtu alisikia. "Basi hilo shati ni mali ya kampuni. Na viatu."

Vitalis alifungua vifungo kimoja kimoja, hakuharakisha. Alilivua shati akalikunja vizuri, kama ninavyolikunja mimi, akaliweka kwenye boneti ya gari. Akaketi chini mavumbini mbele ya watu wote, akavua viatu, akaviweka juu ya shati. Mwanaume wa makamo, baba wa binti aliye chuo, yuko kifua wazi na soksi zimetoboka. Nililia hapo hapo, sikujificha. Nilivua khanga ya mabegani nikamtupia mgongoni, akajifunga.

Na ule upole wote wa Godwin ukawa haumfai kitu. Watu wanaweza kusamehe kuibiwa dola wasizozijua, lakini kumvua mtu nguo uwanjani, mchana, mbele ya mkewe na majirani! Kelele zilizoinuka pale ziliwatisha hata kuku. Wanaume walikuwa wameshasimama kwenye magunia.

"Mwenyekiti!" Alikuwa Bibi Pili, na Bibi Pili akisema hata vijana wananyamaza. "Hapa kuna taratibu. Asome bei. Asome kama inavyosomwa, tujibu kama tunavyojibu."

Sultani alimtazama Godwin, akatutazama sisi, na nadhani kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe alikumbuka ni nani aliyemchagua. "Soma bei," alisema.

"Nimeshasema. Laki tisa."

"Isomwe," alirudia Sultani, sauti imekauka.

Godwin akasimama katikati ya uwanja. "Laki tisa kwa kila mgeni. Miaka mitano."

Kimya kikaingia, kile tunachokijua. Kisha uwanja mzima ukajibu kwa mara moja, na sauti ile naisikia hadi sasa.

"Hatuuzi!"

Dereva aliwasha gari. Ndipo Bibi Pili alipolisimamia mbele, amepakata beseni lake kubwa la bluu.

"Unakwenda wapi na nyama?"

Godwin akasema kama hatutaki mkataba, basi na nyama hatutaki.

"Nani kakwambia? Bei ndiyo tumeikataa. Nyama hatujaikataa. Huyu nyati kala mahindi yangu, kanenepea shambani kwangu, leo nisimle? Mujibu, teremsha!"

Mujibu aliteremsha. Tulikula nyama ile na hatukusaini kitu, na mchuzi wangu haukuwahi kuwa mtamu kama nilivyouonja siku hiyo.

Ila utamu haukukaa. Mkataba wa zamani ulikuwa bado na siku chache za uhai, kwa hiyo kambi iliendelea, magari yalipita, na Vitalis alikaa nyumbani. Hakunilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu. Asubuhi alikuwa anasikia gari linashuka kuelekea mtoni, anasimama hadi mlio uishe, ndipo anapochukua kikapu cha korosho. Watu waliokuwa wakimshangilia uwanjani walikuwa na mambo yao. Kijiji kiliamua kwamba pori litatangazwa upya, na kila anayelitaka aje siku ya Jumamosi aseme bei yake mbele ya watu. Hatukujua kama atatokea mtu. Kulikuwa na wengine walioanza kusema kwamba Mwalimu ametukosesha hata laki nane.

Alhamisi alasiri Bwana Anton alikuja nyumbani kwetu, peke yake, ameliacha gari barabarani. Vitalis alikuwa uani akizitenga korosho na mabibo, matunda yake. Nilimpa mgeni kiti, nikakaa katikati yao kutafsiri.

"Wamenipa mtu mwingine," alisema mzee. "Anatembea haraka, haoni kitu. Nimebakiza siku chache na palahala sijampata. Namtaka Vitalis."

Nilipotafsiri, mikono ya Vitalis iliacha kufanya kazi. "Yule dume mwenye pembe moja imepinda?"

"Huyo huyo."

"Yupo. Hawezi kuwa mbali, wakati huu majani..." Akajikatiza. Lakini nilikuwa nimeshamwona. Macho yake yalikuwa yameamka, yale macho niliyoyakosa nyumbani.

Bwana Anton aliinama mbele. "Sitapitia kwa kampuni, mkataba wao unaisha. Nina mipango yangu na mtu mwingine mwenye kibali cha uwindaji. Vitalis nitamlipa mwenyewe, mkononi. Dola mia moja kwa siku. Noti mpya, si zile za zamani ambazo benki zenu zinazikataa."

Dola mia moja kwa siku. Kwa mshahara wa kampuni, ilimchukua Vitalis karibu mwezi mzima kuipata. Nilitafsiri kwa sauti tamu. Ndiyo, nasema wazi, kwa sauti tamu. Nilikuwa nimeshamlipia Flora ada, nimeshaezeka jiko, nimeshamwona mume wangu anashuka porini asubuhi akitabasamu. Yote hayo niliyafanya kabla sijafunga mdomo.

"Mwulize," alisema Vitalis, "kijiji kina nini humo."

Nilimwuliza. "Hii ni ya Vitalis," alijibu mzee, akishangaa. "Kijiji ni mambo ya kampuni."

Vitalis alichukua korosho moja, akaigeuzageuza, akaitupa kwenye kikapu. "Mwambie sitakwenda."

Sikutafsiri.

"Mama Flora."

"Fikiria kwanza, Baba Flora."

"Nimefikiria. Nilipovua shati mbele ya watu ulidhani naenda kuoga?" Hakuwa amepandisha sauti, lakini sikuwahi kumsikia akinisemesha hivyo. "Bibi Pili hana hata debe la mahindi, kasimama pale kasema hatuuzi. Leo mimi niuze peke yangu, uani kwangu, mke wangu akiwa mkalimani? Halafu Jumamosi nikakae nao wapi? Mwambie pori lina bei moja, na haisemwi nyumbani kwa mtu."

Nilitafsiri, neno kwa neno. Utamu ulikuwa umenitoka.

Nilidhani Bwana Anton ataongeza pesa, na niliogopa, kwa sababu sikujijua ningefanya nini. Hakuongeza. Aliuliza kama tunajua kwamba ng'ambo ya mto wanawinda kwa bei ya chini.

"Tunajua," nilimwambia. "Mto huo hapo. Lakini msoma nyayo unayemtaka yuko upande huu. Jumamosi saa tatu njoo uwanja wa ghala, wewe au huyo mwenye kibali wako. Utasema bei kwa sauti, kwa shilingi, kama benki inavyonunua dola siku hiyo. Wakikukatalia utarudi kwenu bila pembe, na usimnung'unikie mtu."

Aliniuliza kama nitamtafsiria.

"Nitakutafsiria," nilisema. "Na sitakupunguzia."

Alimpa Vitalis mkono, akaondoka taratibu kuelekea barabarani. Hakusema atakuja wala hatakuja. Vitalis aliinama tena kwenye korosho zake, zikawa zinamponyoka. Mimi ndiye niliyepiga kelele uwanjani. Mimi ndiye niliyekwenda Masasi kusoma ubao. Na mimi ndiye niliyekuwa tayari kuuza. Nilivuta kibao nikakaa karibu naye, nikaanza kutenga korosho na mabibo, na niliona aibu na fahari kwa pamoja, bila kujua ipi ni kubwa. Hakunitazama. Alinisogezea kikapu tu, tuendelee na kazi.